Maswali yenu kuhusu Ngomeni na Mji wa Kale, Mombasa

Likizo inakaribia, na wengi mlioandika mnapanga safari ya Mombasa: Mji wa Kale, bandari yake, na Fort Jesus, ambayo sisi wa huku huiita Ngomeni. Nimechukua maswali manane. Mengine nimeyajibu kwa mkato, mengine yamenishika.

Nitakuwa Mombasa siku moja tu. Nianzie ngomeni au mtaani? (Msomaji, Nakuru)

Anzia Ngomeni, ndugu yangu, na uwe mlangoni saa mbili asubuhi panapofunguliwa. Sababu ni jua. Uwanja wa ndani uko wazi, na ikifika saa sita mawe yenyewe yanatoa joto. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba, nyumba hii inaipa ile kivuli, kwa hivyo hata mchana unatembea bila kuungua.

Ukitoka Ngomeni shika Ndia Kuu. Ndia ni njia kwa Kimvita, na hii ndiyo iliyokuwa barabara kubwa ya mji. Tazama milango ya kuchonga na roshani za mbao zilizoning'inia juu ya vichwa vya wapita njia, kisha uende hadi Msikiti wa Mandhry, uliojengwa karne ya 16 na bado unasaliwa. Kutoka hapo bandari haiko mbali. Alasiri, jua likipoa, rudi usimame chini ya kuta za ngome upande wa bahari. Wageni wengi hupiga picha ya lango wakaondoka. Ngome hii iliwekwa hapo kulinda mlango wa maji, na ukiwa upande huo unaona kwa macho yako jinsi chombo chochote kilichoingia kilivyolazimika kupita mbele ya mizinga.

Beba kitambulisho, maana kiingilio cha raia si sawa na cha mgeni.

Mwalimu wetu alituambia Fort Jesus ilijengwa na Waarabu ili kufungia watumwa. Ni kweli? (Mwanafunzi, Kitui)

La, mwanangu, na nashukuru umeuliza, kwa sababu kosa hili limeenea sana. Waliojenga ni Wareno, kuanzia mwaka 1593 hadi 1596, kwa amri ya Mfalme Philip wa Pili wa Uhispania, ambaye wakati huo alikuwa pia mfalme wa Ureno. Mchoraji wa ramani yake ni Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Walitaka kituo cha kulinda njia yao ya baharini ya kwenda India. Biashara ya watumwa ilipita Mombasa, hilo halifichiki, lakini ngome haikujengwa kwa ajili hiyo. Gereza ilikuja kuwa baadaye sana, Waingereza walipoigeuza jela kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1960, na mwaka 2011 UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Katikati ya miaka hiyo ilibadilisha mikono mara nyingi. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa Goa na kubatizwa Dom Jerónimo, aliwageukia Wareno, akamwua kapteni wao na kuitwaa ngome. Mwaka uliofuata aliihama, nao wakarudi. Ukipita langoni inua macho: maandishi ya Kireno yaliyo juu yako ni ya mwaka 1635, yaliwekwa baada ya ngome kutengenezwa upya.

Kisha ukaja mzingiro wa Waomani, kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Miaka miwili na miezi tisa! Waliokuwa ndani waliuawa zaidi na maradhi na njaa kuliko risasi. Kuna wakati mwaka 1697 ambapo Wareno walikuwa wamekwisha, na aliyebaki akiishika ngome ni Sheikh Daud wa Faza, Mswahili, pamoja na jamaa zake na Waafrika wachache, wengi wao wanawake, mpaka msaada ulipofika kwa meli. Kila nikisimama pale uwanjani nawafikiria wale wanawake. Majina yao hayamo katika maandishi yoyote ukutani. Mweleze mwalimu wako kwa heshima, na umwombe alete darasa zima.

Nakuja na watoto, wa miaka minane na mitano. Hawatachoka? (Mama, Thika)

Watachoka ukiwasomea tarehe, dada. Waonyeshe vitu. Mifupa ya nyangumi ipo, na hakuna mtoto anayeipita bila kusimama. Mizinga ipo. Halafu watafutieni ile michoro ya Wareno: askari waliokuwa zamu walichora ukutani meli, makanisa na watu, kwa makaa na kwa ngeu. Ni michoro ya watu waliokuwa wamechoka kungoja, na watoto huielewa mara moja, kwa kuwa nao huchora ukutani.

Jambo la mwisho ni la bure na ndilo nilipendalo kuliko yote. Mpeleke mtoto karibu kabisa na ukuta, pua ikaribie jiwe. Ataona mistari iliyojipinda kama ubongo, vijitundu kama vya sega la nyuki, pengine kipande cha kombe. Jiwe lile ni matumbawe, lilikuwa hai baharini. Ngome imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na mahali pengine huwezi kujua mwamba unakoishia na ukuta unakoanzia.

Wakamateni mikono juu ya kuta. Kuna sehemu zenye kingo fupi.

Mama yangu ana maumivu ya magoti. Ataweza? (Msomaji, Voi)

Uwanja wa chini na vyumba vya maonyesho ataviweza mkienda taratibu, ingawa kutoka langoni kuna mpando. Ngazi za kupanda kwenye buruji mwacheni apumzike. Mtaani hana shida, baraza za kukaa ni nyingi. Mwenye nyumba mwamkieni kwanza, na mara nyingi mtaambiwa karibuni.

Ni lazima nivae buibui nikiingia Mji wa Kale? Na picha je? (Msomaji, Nairobi)

Buibui si lazima. Funika mabega na magoti, beba leso au mtandio begani, inatosha. Msikitini usiingie bila kukaribishwa.

Kuhusu picha nitasema kwa uwazi, kwa sababu jambo hili linatuumiza. Mji wa Kale si makumbusho. Watu wanalala humo, wanapika, wanafiwa. Nimewahi kumwona mgeni akiingiza simu dirishani kupiga picha ya ajuza aliyekuwa akisoma uradi wake, wala hakumsalimu. Mlango wa kuchonga upige, roshani ipige. Mtu, omba kwanza. Ukianza na "shikamoo bibi" utapata picha, na huenda ukapata kahawa na kashata. Bandarini usipige picha bila ruhusa ya wanaosimamia lango.

Nichukue kiongozi wa watalii? (Msomaji, Kisumu)

Kwa Ngomeni, ndiyo, kwa saa moja. Kubalianeni malipo kabla hamjapiga hatua. Mtaani waweza kwenda peke yako. Ukipotea, muulize yeyote.

Nilifika Bandari ya Kale nikakuta majahazi mawili matatu tu. Yale tuliyosoma yalikwenda wapi? (Mzee, Machakos)

Shikamoo mzee. Swali lako linanigusa. Majahazi yale yalitegemea pepo mbili. Kaskazi ilipoanza kuvuma mwishoni mwa mwaka, yaliteremka kutoka Uarabuni, Ghuba na India yakiwa na tende, samaki wakavu, mazulia na makasha. Kusi ilipoingia, Aprili na kuendelea, yalirudi na pembe, nafaka na boriti za mikoko. Kwa hiyo kila mwaka mabaharia walikaa hapa wakingoja upepo ugeuke, na katika kungoja huko walioa, walijenga na waliswali. Mji huu umezaliwa na kungoja huko.

Boriti zenyewe bado utaziona. Ukikaribishwa katika nyumba ya zamani tazama dari: vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti ya mkoko.

Kilichoiondolea bandari shughuli ni kina cha maji. Meli kubwa za mvuke zilihitaji maji marefu, nayo yako upande wa pili wa kisiwa, Kilindini. Jina lenyewe linasema, kilindi. Reli ya kwenda bara ilianza kujengwa mwaka 1896, na gati za kina zilipokamilika Kilindini miaka ya 1920, mizigo ikahamia huko. Bandari ya Kale ikabakiwa na vyombo vidogo vya mwambao. Chini ya maji mbele ya ngome kuna ushahidi mwingine: Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mwaka 1697 wakati wa ule mzingiro. Wapiga mbizi waliichimbua kati ya mwaka 1977 na 1980, na baadhi ya vitu vyake vimo ndani ya makumbusho ya Ngomeni. Nenda kaviangalie, mzee, kisha utoke nje uyatazame yale maji.

Kuna ngome nyingine Mombasa? (Msomaji, Malindi)

Ipo ndogo ya Mtakatifu Yosefu, ya Wareno pia, kusini ya Ngomeni ukielekea mlango wa bahari upande wa Mama Ngina. Imebaki magofu, na wengi hupita karibu bila kujua. Nenda jioni, uvae viatu vilivyofunika vidole: mwamba wa matumbawe pale unakata.