Mkuu, futa hiyo joging ya Jumamosi, anza kwa kutembea

Hapana, mkuu. Hapana kabisa. Kilo 118, urefu sentimita 168, hujafanya mazoezi tangu sekondari, halafu ratiba yako ni joging kilomita 5 Jumamosi na Jumapili, katikati ya wiki kuruka kamba mara 500 kila asubuhi? Umeuliza kama bwawa linasaidia, nitakujibu. Lakini kabla ya hilo, hiyo joging ifute na kamba mpe mtoto. Ratiba kama hiyo ilinigharimu kisigino kwa miezi 7, na sitaki kuona mtu mwingine anaingia shimo lile lile huku watu wanampigia makofi.

Kutembea na kukimbia havitofautiani kwa mwendo tu. Ukitembea, muda wote kuna mguu ulioko chini, uzito unahama taratibu kutoka huku kwenda kule. Ukikimbia, katika kila hatua kuna kipande ambacho miguu yote miwili iko hewani, kisha mwili mzima unatua juu ya mguu mmoja, na mguu huo unapokea nguvu ya mara 2 hadi 3 ya uzito wako. Chukua mara 2.5 tu: kwa kilo 118 ni kama kilo 295. Mifuko sita ya saruji, pungufu kilo tano. Anayeanza akienda polepole hupiga zaidi ya hatua 1,000 kwa kilomita, kwa hiyo kilomita 5 ni kumshushia kila mguu mzigo huo zaidi ya mara 2,500. Kuruka kamba ni kutua vilevile, tena papo kwa papo bila hata kusogea.

Kinachodanganya ni kwamba mwili haukomai wote kwa pamoja. Moyo na mapafu huanza kuzoea ndani ya wiki chache. Wiki ya tatu utapandisha ngazi bila kuhema na utajiona uko fiti. Kano, utando wa unyayo na mifupa vinataka miezi, kwa sababu damu inayofika kwenye kano ni kidogo na ukarabati wake ni wa polepole. Hapo ndipo watu wazito wengi wanapoumia: pumzi imeruhusu lakini unyayo bado haujawa tayari. Wewe unaongeza kilomita kwa sababu kifua kinakubali, na chini utando unachanika kidogo kidogo.

Dalili yake uijue mapema. Chini ya unyayo kuna utando mgumu unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino hadi kwenye mashina ya vidole. Usiku ukilala unajikunja. Asubuhi unashusha mguu kitandani, unakanyaga sakafu, na kuna kitu kama msumari kinachoingia kisiginoni upande wa ndani. Hatua tano, kumi, kinapoa. Ukifika bafuni umesahau. Na hapo ndipo kosa kubwa linapofanyika: maumivu yakipoa mtu anasema "ilikuwa baridi tu", anafunga raba, anatoka kukimbia. Kesho yake hatua kumi zinakuwa ishirini. Baada ya wiki kadhaa unatembelea vidole, unaegemea mguu mwingine, na goti la upande wa pili nalo linaanza.

Nina hasira na hawa makocha wa mtaani, na niseme wazi. Kuna mmoja aliyekuwa akituambia "maumivu ni mafuta yanayeyuka". Mafuta hayaumi yakiyeyuka! Misuli kuwa mizito siku moja au mbili baada ya zoezi ni kawaida. Maumivu ya kuchoma sehemu moja unayoweza kuigusa kwa kidole, kisigino, ugoko, chini ya kofia ya goti, hayo ni jeraha. Kocha asiyejua tofauti hiyo hafai kumsimamia mtu wa kilo 118. Huyo huyo ndiye anayekuuzia suti ya nailoni ya kutoa jasho na mkanda wa tumbo. Unachopoteza humo ni maji, ukinywa lita moja yanarudi, na kwa joto la Dar unajitafutia kuzimia barabarani. Na wa duka la dawa anayekupa diklofenaki ya kutuliza maumivu "umeze kabla ya joging" anazima kengele huku nyumba inaungua. Dawa za kundi hilo pia hupandisha presha, jambo ambalo mtu mwenye uzito wetu hatakiwi kulichezea.

Sheria yangu ni moja, na ukisahau yote mengine hii ibaki: kipimo chako si pumzi ya leo, ni hatua ya kwanza ya kesho asubuhi. Kabla hujavaa ndala, kanyaga sakafu na ujipe namba ya maumivu kuanzia 0 hadi 10. Ikiwa 0 hadi 2, endelea na mpango, unaweza kuongeza. Ikiwa 3 au 4, rudia ya jana, usiongeze hata dakika. Ikiwa 5 na kuendelea, punguza nusu au hamia kwenye maji mpaka ishuke. Iandike kwenye simu kila siku. Kukumbuka kichwani hakufai, kichwa kinapenda kujidanganya.

Sasa kutembea kwenyewe. Wiki mbili za kwanza, dakika 10 asubuhi na dakika 10 jioni, siku tano kwa wiki, sehemu tambarare. Mwendo uwe ule ambao unaweza kuongea sentensi nzima lakini huwezi kuimba. Kisha ongeza dakika 2 kwa kila mzunguko kila wiki, kama namba ya asubuhi inaruhusu. Ukifika dakika 30 mfululizo bila shida, ndipo uanze kuchanganya: dakika 1 ya haraka, dakika 2 za kawaida, mara tano. Ongeza muda kwanza, mwendo baadaye, mlima mwisho kabisa. Usiongeze viwili wiki moja. Ukifika dakika 30 kwa siku tano umeshatimiza zile dakika 150 kwa wiki ambazo Shirika la Afya Duniani linapendekeza, na hujakimbia hata hatua moja.

Nenda kwa saa, si kwa umbali: dakika 5 kwenda, dakika 5 kurudi. Wengi hutembea mpaka wachoke, halafu wanagundua nyumbani ni mbali na hata bodaboda hakuna. Ukingo wa lami umeinama ili maji yatiririke, ukitembea huku ukingo uko mkono wako ule ule wakati wote, mguu mmoja unakaa chini kuliko mwingine na goti na nyonga vinalalamika. Kurudi pitia ukingo ule ule uliokwenda nao, ili mwinamo ubadilike mguu. Toka saa 12 asubuhi kabla jua halijakaza. Mapaja yakisuguana yatachubuka ndani ya siku mbili: paka mafuta ya mgando au vaa bukta ya kubana chini ya suruali.

Raba nunua jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Ishike uikunje: ijikunje kwenye vidole, isijikunje katikati kama chapati. Nyuma pa kisigino pabonyeze, pawe pagumu. Za mtumba zinafaa, ila ziweke mezani uzitazame kwa nyuma. Ikiinama upande mmoja ujue soli imeshakufa, hata juu iwe inang'aa. Na nyumbani usitembee peku kwenye vigae wala na ndala zile bapa.

Kisigino kikishaanza kuuma, kabla hujashuka kitandani vuta vidole vya mguu kuelekea kwenye ugoko kwa sekunde 10, mara 10. Kisha siku moja ndiyo, siku moja hapana: simama kwenye ngazi, taulo iliyokunjwa chini ya vidole, nyanyua visigino kwa sekunde 3, kaa juu sekunde 2, vishushe kwa sekunde 3, mara 12, mizunguko mitatu. Anza na miguu yote miwili, shika ukuta. Ni kazi ya miezi, usitegemee wiki.

Bwawa? Ndiyo, na kuogelea si lazima ujue. Maji yakifika kifuani yanakubebea zaidi ya nusu ya uzito. Tembea mbele, tembea kinyumenyume, inua magoti, dakika 20. Kuogelea kwa kupiga miguu kama chura kuache kwanza, kunasumbua goti upande wa ndani. Kunywa maji hata ukiwa bwawani, jasho lipo ila hulioni.

Nyumbani weka kiti cha mbao, mgongo wake ukutani. Cha plastiki usitumie, miguu yake hufunguka kwenye vigae. Weka mto juu ili kiwe kirefu, kunja mikono kifuani, simama, kisha kaa kwa kuhesabu sekunde 3 bila kujiachia puu. Mara 8, mizunguko miwili, siku tatu kwa wiki. Misuli ya mbele ya paja ndiyo inayobeba goti, na wengi wetu imelala. Mto ukianza kuwa rahisi, uondoe.

Kama una presha au kisukari pima kwanza, na mwenye kisukari akague nyayo kila jioni, malengelenge yake yanaweza yasiume mpaka yaharibike. Kifua kikibana, kizunguzungu, au shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, acha hapo hapo uende hospitali.

Na Jumamosi nenda tu kwenye klabu ya joging kama umeshaahidi, watu wale wanatia moyo. Mwambie kiongozi kabla hawajaanza kuwa unatembea na unageuka dakika ya tano. Akikuita mvivu, geuka dakika ya tano vilevile. Jumapili ukiamka, kanyaga sakafu, kisha rudi hapa uniandikie namba.