Treni za mvuke Uingereza: lipia mlima, usilipie kichwa

Tangazo la safari ya treni ya mvuke Uingereza huanza na picha ya kichwa cha treni, yaani injini inayovuta mabehewa: Flying Scotsman, Tornado, Sir Nigel Gresley, Clan Line. Watu wanalipa kwa sababu ya jina, kisha asubuhi ya safari wanakuta kichwa kingine kimefungwa mbele ya mabehewa na siku yao inaharibika kabla haijaanza. Kwa msomaji anayeishi huko au anayekwenda kutembea, ushauri wa kwanza ni huu: chagua njia, na ndani ya njia chagua mlima. Kichwa kinaweza kubadilishwa hadi siku yenyewe ya safari, na masharti ya tiketi karibu kila mahali yanaruhusu hilo.

Sababu zipo, na si uzembe. British Railways, shirika la reli la taifa, ilifunga rasmi enzi ya mvuke kwenye njia kuu tarehe 11 Agosti 1968, na marufuku ikalegezwa Oktoba 1971 pale kichwa kiitwacho King George V kiliporudi relini. Vichwa vingi vinavyovuta treni za matembezi leo vilijengwa kati ya miaka ya 1920 na 1950. Tornado kilikamilika mwaka 2008, lakini kwa michoro ya miaka ya 1940. Chuma cha namna hii hufa kwa njia zinazojulikana. Beringi ya ekseli ikikosa mafuta au ikiingia uchafu hupata moto, madini laini yaliyomo ndani yanayeyuka, na safari imekwisha hapo. Mabomba ya boila huanza kuvuja pale yanapoungana na bamba la tanuri, hasa kama moto ulikokwa haraka na chuma kikatanuka bila usawa. Ndiyo maana moto huwashwa siku moja kabla, polepole. Injekta zikikataa kusukuma maji ndani ya boila hakuna mjadala: maji yakishuka chini ya paa la tanuri, paa hilo huungua, kwa hiyo wafanyakazi huua moto kuliko kubahatisha.

Ongeza vifaa vya usalama. Kichwa cha 1936 kinalazimika kubeba mfumo wa kumwonya dereva kuhusu ishara, breki inayojifunga kikipita ishara nyekundu, redio ya kidijitali na kinasa kumbukumbu cha safari. Kimoja kikikataa asubuhi, kichwa hakitoki. Ukali huu una msingi. Tarehe 7 Machi 2015 huko Wootton Bassett, treni iliyovutwa na kichwa Tangmere ilipita ishara nyekundu baada ya breki ya onyo kuzimwa na waliokuwa kwenye kichwa, na ikasimama ikiziba makutano ya reli ambayo treni ya mwendo kasi ilikuwa imetoka kupita punde tu.

Sasa mlima. Ukiwa na nafasi ya safari moja tu, iwe njia ya Settle–Carlisle, kaskazini mwa England. Ukitokea kusini, njia inapanda mita 1 kwa kila mita 100, kwa takriban maili 15 (kilomita 24), kutoka Settle Junction hadi Blea Moor. Unavuka daraja la Ribblehead lenye matao 24, unaingia handaki la Blea Moor lenye urefu wa kilomita 2.4, na kilele kinafika Ais Gill, mita 356 juu ya usawa wa bahari. Mlima mrefu kiasi hicho hauwezi kuvukwa kwa kasi uliyoingia nayo. Boila lazima itengeneze mvuke sawasawa na unavyotumika, karibu nusu saa mfululizo, na mchochea moto hapati pumzi. Hapo ndipo unasikia kichwa kikifanya kazi. Chenye silinda mbili, kama Black Five, hupiga mara nne kwa kila mzunguko wa gurudumu, mapigo mazito yaliyoachana. Tornado na Flying Scotsman zina silinda tatu na hupiga mara sita, sauti inayofuatana kwa ulaini. Ukishaijua tofauti hii utakitambua kichwa kabla hakijaonekana.

Shap, kaskazini ya Tebay, ni kali zaidi, mita 1 kwa kila 75, lakini ni maili 4 tu na treni huivamia kwa kasi. Lickey karibu na Bromsgrove ni 1 kwa 37.7 kwa maili 2 hivi, na huko msaada wa kichwa cha pili nyuma ni jambo la kawaida. Kwa familia yenye watoto, Jacobite kutoka Fort William hadi Mallaig, Scotland, ni chaguo rahisi: maili 41 kila upande, safari nyingi katika msimu, na daraja la Glenfinnan lenye matao 21 ambalo limepata umaarufu kwa sinema. Ukielekea Mallaig kaa upande wa kushoto, mabehewa ya nyuma, ili kichwa ukione kikikata kona juu ya daraja. Kata tiketi miezi kadhaa mapema kama unakwenda wakati wa likizo za shule.

Uliza pia mabehewa ni mangapi. Behewa moja la aina ya Mark 1 lina uzito wa tani 35 hivi, kwa hiyo mabehewa 12 ni zaidi ya tani 400 na kichwa kitalia kweli. Kisha uliza kama kutakuwa na kichwa cha dizeli nyuma, na ya nini. Wakati mwingine ipo kwa ajili ya kupasha mabehewa joto kwa umeme, wakati mwingine kuondoa treni njiani kichwa kikifa, na wakati mwingine inasukuma milimani. Hiyo ya mwisho inapunguza ladha ya safari, na una haki ya kujua kabla hujalipa. Soma vilevile mvuke unaanzia wapi. Safari ya Cumbrian Mountain Express kutoka London kwa kawaida huvutwa na kichwa cha umeme hadi Carnforth. Anayetaka mvuke mtupu aangalie kama anaweza kupandia karibu na hapo.

Kuhusu majira, nenda kati ya Oktoba na Machi. Mvuke wenyewe hauonekani. Unachokiona cheupe ni matone baada ya mvuke kupoa hewani. Kukiwa na joto la nyuzi 25 kichwa hutoa ukungu hafifu tu, lakini asubuhi ya nyuzi 3 hutoa wingu zima. Tena kiangazi kikiwa kikavu, cheche huweza kuwasha nyasi kando ya reli, na hapo mvuke huzuiwa na dizeli ikapewa kazi. Vuli ina shida yake: majani yaliyolowa juu ya reli. Vichwa vyenye magurudumu madogo ya nyuma chini ya tanuri huteleza kwa urahisi, kwa kuwa vikivuta kwa nguvu sehemu ya uzito huhamia kwenye magurudumu yasiyoendeshwa. Ukisikia mapigo yanakimbia ghafla kama bunduki ya rashasha, ni hilo. Dereva hupunguza mvuke, humwaga mchanga, huanza upya.

Usishangae treni kusimama muda mrefu. Kichwa kinakunywa kama lita 180 za maji kwa maili, na tenda (behewa la maji na makaa nyuma ya kichwa) ya Black Five hubeba lita 18,000 hivi, hivyo maili 100 ni mwisho. Mitaro ya maji iliyokuwa katikati ya reli, ambamo kichwa kilichota kikiwa mbioni, iliondolewa zamani. Sasa maji hutoka kwenye bomba la zimamoto au lori, na nusu saa hupotea. Appleby ni kituo kinachojulikana kwa kazi hiyo. Shuka, tembea hadi mbele, piga picha.

Kwa sauti, omba behewa la karibu na kichwa, ila uulize kama treni itageuza mwelekeo njiani, maana wa mbele atakuwa wa nyuma. Vaa nguo za rangi ya giza, kwani masizi huingia madirishani. Usitoe kichwa chako nje hata kama dirisha la mlango linafunguka: madaraja na mahandaki ya huko yako karibu mno na behewa. Ukikata tiketi yenye chakula na unahitaji halali, waandikie mapema na upate jibu la maandishi.

Anayebaki kando ya reli atafute treni kwenye tovuti ya Realtime Trains. Namba ya treni ya matembezi yenye abiria mara nyingi huanza na 1Z, mabehewa matupu 5Z, kichwa pekee 0Z. Fika dakika 45 kabla, kwani treni hizi huweza kuwahi, na simama juu ya daraja la umma au shambani penye njia ya wapita kwa miguu. Kuingia eneo la reli ni kosa lenye faini ya hadi pauni 1,000. Februari 2016, Flying Scotsman kiliporudi kutoka London kwenda York, watu walioingia relini kupiga picha waliisimamisha treni yenyewe na kuchelewesha nyingine. Ukikuta wapiga picha wamevuka uzio, hama mahali.