CRP, ESR na soriasisi: maswali yenu ya wiki hii

Inboksi imejaa watu wa soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi kuwa nyekundu na kutoa magamba, na kila mtu ana karatasi ya vipimo vya damu mkononi, twende moja kwa moja.

*Mgongo wote magamba matupu ila CRP imetoka 3. Maabara wamechemka?*

Hawajachemka. CRP ni protini inayotengenezwa na ini likipata taarifa kwamba kuna inflamesheni, yaani sehemu ya mwili inawaka na kuvimba, sasa soriasisi ya watu wengi inawaka hukohuko kwenye ngozi na taarifa inayofika kwenye ini ni kidogo, unaweza ukawa unajikuna mpaka damu na namba iko kawaida tu. Ndo maana daktari wa ngozi anakuvua shati kwanza. Kuna maksi zinaitwa PASI, wanaangalia wekundu, unene, magamba na ukubwa wa eneo, juu kabisa ni 72. Ukisikia dawa imefikisha PASI 75 maana yake maksi zimeshuka kwa asilimia 75, hapo damu haijaguswa.

*Niko wiki ya tatu ya methotreksati, CRP ilikuwa 18 sasa hivi 40. Dawa imegoma?*

Kwanza niambie, una homa? Kikohozi? Mkojo unachoma, jino linauma? CRP inapanda ndani ya masaa tu ukipata malaria au UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), na haijali kabisa kwamba wewe ulikuwa unafuatilia ngozi. Halafu methotreksati inapunguza kinga, kwahiyo rudi kwa daktari wako umwambie, usikae nayo nyumbani. Dawa yenyewe wiki tatu bado, huwa inahukumiwa kuanzia wiki ya 12 mpaka 16 hivi. Na jamani, kwa soriasisi inamezwa MARA MOJA KWA WIKI, sio kila siku, watu wamekufa kwa kosa hilo.

*ESR yangu 60 lakini CRP kawaida, nishike ipi?*

Uko na ujauzito? Damu iko ngapi? ESR ni kipimo cha zamani cha inflamesheni, damu inasimamishwa kwenye kijibomba lisaa limoja wanaangalia chembe nyekundu zimezama milimita ngapi, na upungufu wa damu, mimba na umri vyote vinaipandisha bila ngozi kuhusika. Mwenye sikoseli ndo kinyume, inaweza kutoka chini hata akiwa anaumwa kweli. Pima FBP kwanza, kile kipimo cha picha nzima ya damu.

*Duka la dawa walinipa prednisoloni, CRP ikashuka fasta. Niendelee?*

Mnanitia presha nyie. Prednisoloni ni steroidi, namba itashuka ndio, ila ukiacha hizo dawa soriasisi inaweza kurudi kwa hasira, hata ile ya vijipu vya usaha mwili mzima, ambayo ni ya kulazwa. Kama umemeza muda mrefu usikate ghafla, nenda hospitali wakupunguzie taratibu.

*Sasa CRP ina faida gani kama ndo hivyo?*

Ipo. Kama kabla ya dawa ilikuwa juu na huna infeksheni, kushuka kwake ni habari njema, hasa kwa wale ambao soriasisi imeingia kwenye viungo. Ila hata hapo usiiamini peke yake: vidole vimevimba, asubuhi mwili umekakamaa zaidi ya nusu saa, kisigino kinauma, kucha zina vishimo, mwambie daktari hata kama CRP ni 2. Mfuko ukiwa mdogo na uko kwenye methotreksati, mimi ningelipia FBP, ini na figo kabla ya CRP, hizo ndo zinaonyesha kama dawa inakuumiza. Na ukiambiwa unaanza sindano za adalimumabu, ambazo nazo zinashusha kinga, kipimo cha TB hakikwepeki.

*Tangawizi na manjano zinashusha CRP?*

Weka kwenye chai, unywe ufurahi. Kama una kitambi, punguza kilo, mafuta ya tumboni yenyewe yanapandisha CRP na wengi wakipungua hata dawa inashika vizuri zaidi.