Simu moja na spika vinatosha kuanzia

Mwalimu wa Pasua, umeuliza utafundishaje kusoma na kusikiliza Kiingereza Kidato cha Kwanza bila kompyuta. Simu yako na spika ndogo vinatosha! Pakua hadithi za African Storybook, tovuti ya hadithi za watoto, ukiwa na bando, ni bure, kisha jirekodi ukizisoma taratibu.

Darasani usiwape maandishi kwanza. Andika swali moja ubaoni, wasikilize, wajibu, wasikilize tena. Ndipo wasome huku sauti ikienda. Hapo mtoto anasikia mwenyewe kwamba “walked” ni silabi moja, si mbili. Sehemu hii usiiharakishe, nakuomba.

Wakizoea, hamia BBC Learning English, masomo ya Kiingereza ya BBC mtandaoni. Kipindi cha 6 Minute English kina sauti pamoja na maandishi yake. Chaji spika usiku, Moshi yetu umeme unakatika.