Kuuza deki ya CD ya zamani iliyotunzwa vizuri

SWALI: Ninayo deki ya CD ya hali ya juu iliyotengenezwa miaka ya 1980, pamoja na rimoti, kitabu cha maelekezo na boksi lake. Je, niitengeneze kwanza kabla ya kuiuza?

JIBU: Mnunuzi mwenye ujuzi huangalia kwanza leza, yaani sehemu inayosoma CD kwa mwanga, kwa kuwa huchakaa na kwa deki nyingi za enzi hiyo leza mpya za asili hazitengenezwi tena. Mchezee CD halisi tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, aone kwamba hairuki. CD ya kurekodiwa nyumbani usiitumie, maana deki nyingi za wakati huo hazikuundwa kuisoma. Trei ikisitasita kufunguka, mara nyingi mkanda wake wa mpira umelegea, na huo inafaa kuubadilisha. Kapasita (vipuri vidogo vya kuhifadhi chaji ya umeme) ambazo bado zinafanya kazi ziache, kwani wapo wanaothamini sana vipuri vya asili.

Katika tangazo, taja chipu inayogeuza data kuwa sauti, hasa ikiwa ni TDA1541A ya Philips, ambayo hadi leo inatafutwa kwa bidii. Taja pia volti: deki iliyokusudiwa soko la Japani hutumia volti 100, na ikichomekwa kwenye umeme wa volti 230 bila transfoma inaweza kuungua. Ukiisafirisha, hakikisha hakuna CD ndani, kisha kaza skrubu za kuizuia leza isitikisike, iwapo deki yako inazo, na umwarifu mnunuzi azilegeze kabla ya kuiwasha.