Re: N95 inatosha kung'olea paa la asbesto?

Ndugu, umeuliza kama zile barakoa za N95 zilizobaki tangu enzi za korona zitakufaa kung'oa paa la asbesto la nyumba ya mzee. Mimi nasema hapana, ingawa kosa si la kitambaa chenyewe. N95 hunasa angalau asilimia 95 ya chembe za maikroni 0.3 hivi, ambazo ndizo ngumu kunaswa kuliko zote. Uzi wa asbesto, ule unaotoka kwenye vumbi lake, ni mrefu, kwa hiyo hukwama kirahisi zaidi.

Shida iko pembeni. Hewa hufuata njia rahisi, nayo ni pale puani na mashavuni barakoa isipobana. Ndevu za siku mbili tu zinatosha kuharibu kazi (najua hutaki kusikia hili). Marekani, OSHA (mamlaka ya usalama kazini) haikubali barakoa za kutupa kama N95 kwenye asbesto.

Tafuta ya mpira ya nusu uso, yenye vichujio vya P100, vile vya zambarau. Hivyo hunasa asilimia 99.97 ya chembe hizo hizo. Ukishaivaa, ziba vichujio kwa viganja, vuta pumzi taratibu. Ikijibana usoni na kubaki hivyo, imekaa. Ukihisi upepo puani, kaza mikanda urudie.

Halafu lowesha shiti za paa kwanza, usizikate kwa msumeno wala kuzitupa chini zivunjike. Barakoa ivue mwisho kabisa, baada ya nguo, maana nyuzi zinazobaki kwenye ovaroli ndizo utakazowapelekea watoto ndani. Kama shiti zimeshaanza kumeguka zenyewe, waachie mafundi wenye kibali.