Kupaki Kumetugombanisha Mtaa Mzima

*Shikamoo Mama. Naishi Sinza, barabara ya ndani yenye nyumba kumi na nne. Tulipohamia hapa magari yalikuwa matatu, juzi usiku nimehesabu kumi na tisa, wateja wa baa ya kona hawamo. Jirani yangu ameweka mawe mawili na tairi mbele ya geti lake, hata akiwa kazini pale hapapakiki. Mtaro umeziba, mifuniko imevunjwa na magari yanayoupanda. Mlinzi wetu wa mchango ameondoka, hakulipwa miezi miwili. Wengine wanataka tuitishe mkutano, ila mikutano yetu huishia kelele. Tuanzie wapi?*
*Mama wa watoto watatu, Dar es Salaam*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana nimekaa kwenye kamati ya mtaa miaka kumi na hayo yote nimeyapitia, mpaka tairi.

Mkutano usubiri kwanza. Azima tepu kwa fundi, mchukue jirani mmoja mnayeelewana, mkapime barabara yenu kutoka ukuta hadi ukuta, halafu mpime mtaro peke yake. Sinza ilipimwa miaka ya 1970, katika mradi wa viwanja na huduma uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na kiwanja cha kawaida kilikuwa mita za mraba 288. Siku hizi kwenye kiwanja hichohicho kuna nyumba kubwa, vyumba vya wapangaji uani na fremu mbele. Magari yamebaki nje.

Tuseme umepata mita sita za kupita. Gari dogo lina upana wa karibu mita 1.8. Yakipaki pande zote mbili, katikati inabaki mita 2.4. Gari la zimamoto lina karibu mita 2.5, hapo vioo vya pembeni hujavihesabu. Haliingii. Hesabu hiyo iandike kwenye karatasi uende nayo mkutanoni, kwa sababu ukisema "mnapaki vibaya" kila mtu atajitetea, lakini mita 2.4 haina wa kubishana nayo.

Mtaani kwetu hesabu hiyo tuliijua kwa uchungu. Jiko la gesi lililipuka nyumba ya tatu kutoka kwangu, saa tano usiku. Tulipiga 114, gari likaja, likasimama kona. Magari mawili yalikuwa yamepaki yakitazamana, na mwenye moja hatukumjua ni nani. Tuligonga mageti manane kabla ya kumpata. Watu wote walitoka salama, namshukuru Mungu hadi leo, ila vyumba viwili viliteketea na kila kitu cha mama yule kilikuwa humo. Kesho yake kila mwenye gari aliandika namba yake ya simu kwenye karatasi akaiweka kwenye dashibodi, ikiangalia kioo. Jambo hilo ninyi mnaweza kulifanya leo jioni, halidai kikao wala shilingi.

Kisha kubalianeni kupaki upande mmoja tu, ule usio na mtaro. Najua nafasi zitapungua, na hapo ndipo penye kazi. Pita nyumba kwa nyumba na daftari uulize kila gari linatoka saa ngapi na kurudi saa ngapi. Sisi tuligundua kwamba anayeendesha daladala hutoka saa kumi alfajiri, wakati mwalimu mstaafu gari lake hutoka Jumapili tu. Bila daftari yule mstaafu alikuwa anaziba njia ya kutokea na dereva anaamsha mtaa kwa honi. Mstaafu akakubali kuingiza lake ndani ya ua, akasogeza matangi mawili ya maji. Wanne walikuwa na uwanja ndani uliojaa mabati na matofali ya ujenzi uliosimama. Tuliwasaidia kuyapanga Jumamosi moja, tukapata nafasi nne.

Kuhusu mwenye mawe. Usiende na kundi, na usiende usiku mkiwa mmeshakasirika. Nenda asubuhi, mpigie hodi, msalimie watu wa nyumbani kwake kwanza. Kwetu alikuwepo mmoja hivyohivyo, tulimsema miezi. Siku nilipoingia sebuleni kwake ndipo nikajua mama yake husafishwa figo mara tatu kwa wiki, wanatoka saa kumi na moja alfajiri, na mama hawezi kutembea hata hatua ishirini. Niliona aibu sana. Tulikaa tukampa nafasi ile mbele ya geti kwa makubaliano ya wote, tukaiandika kwenye muhtasari, na mawe akayatoa mwenyewe. Bodaboda alikuwa ameshaanguka kwenye mawe yale mara moja. Jirani yako pengine hana mgonjwa, ana ubishi tu. Basi mweleze kwamba barabara ni ya umma, kiwanja chake kinaishia kwenye bikoni, na akikataa peleka suala kwa mtendaji wa mtaa likiwa na karatasi yako ya vipimo.

Mwenye baa msimfanye adui. Mwombeni aweke kijana mwenye tochi kuanzia saa moja jioni aelekeze wateja wapaki barabara kubwa. Wateja wanamsikiliza yeye kuliko ninyi.

Mtaro uzibueni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, kabla masika ya Machi hayajaingia. Mchanga mkiuzoa msiuache ukingoni, mvua ya kwanza itaurudisha. Kodini kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, mchanga uondoke siku hiyohiyo. Mifuniko na matuta ni habari nyingine: msijijengee. Andikeni barua TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kupitia ofisi ya mtaa, na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa mkae nayo. Tuta la saruji la kujitengenezea limeshavunja mtu bega mtaa wa pili.

Mlinzi nimemwacha mwisho kwa sababu kwa maoni yangu hakuondoka kwa umaskini wenu. Watu waliacha kuchangia kwa kuwa hawakujua fedha ziko wapi. Wekeni watu wawili, mmoja apokee, mwingine ashike daftari, na kila tarehe tano orodha ya waliotoa na kiasi kilicholipwa ibandikwe dukani kwa Mangi. Mlipeni kwanza yule mlinzi miezi yake miwili, hata kama hatarudi. Alikesha kwa ajili yenu.

*Mama, mimi ni mpangaji wa chumba na sebule, Kijitonyama. Baba mwenye nyumba anasema mkutano wa mtaa ni wa wenye nyumba, lakini mchango wa ulinzi nadaiwa kila mwezi. Nifanyeje?*

Nenda mkutanoni, mwanangu. Mkutano wa mtaa ni wa wakazi waliofikisha miaka 18, na mpangaji ni mkazi. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024, waliojiandikisha waliandikishwa kwa ukazi wao, hakuna aliyeombwa hati ya kiwanja. Mwenye nyumba mwambie kwa heshima kwamba utakwenda, na mchango endelea kutoa kwa risiti. Ukifika, uliza jambo moja lililo wazi: zamu ya mlinzi inaishia saa ngapi? Wapangaji wengi wa kwenu wanatoka kazini usiku, na ninyi ndio mnaojua kona ipi haina taa.

*Vijana wetu wa ulinzi shirikishi wamemkamata kijana na betri ya gari usiku, wakampiga hadi akazimia. Baadhi ya wazee wanawapongeza. Mimi ni baba wa mmoja wao, sina usingizi.*

Ndugu yangu, hofu yako ni ya haki. Kazi ya vijana wale ni kumshika mtu na kumfikisha kwa mkaguzi wa polisi wa kata akiwa mzima, pamoja na betri kama kielelezo. Aliyepigwa akifa, mwanao anaweza kushtakiwa kwa mauaji, na wazee waliompongeza hawatasimama naye kizimbani. Kaa naye leo. Kisha mwende wote wawili hospitali mkamjulie hali yule kijana, mkamtafute na mama yake.